Mzee asifiwe angali anasikia

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya siku ya kuzaliwa ya mzee. Huenda ukasema keki na mishumaa ni mambo ya watoto. Subiri kidogo, twende kwanza Uskoti, tuone wenzetu wanavyofanya baba anapokula chumvi nyingi.

Familia nyingi za Kiskoti humfanyia mzee karamu ya kikwao, na baadhi yao huazima utaratibu wa sikukuu ya mshairi wao mkuu, Robert Burns. Burns alizaliwa kijijini Alloway tarehe 25 Januari 1759, akafariki mwaka 1796 akiwa na miaka 37 tu. Mwaka 1801, rafiki na wapenzi wake tisa walikusanyika katika nyumba alimozaliwa, wakala, wakasoma mashairi yake, wakamsifu. Mpaka leo Waskoti humkumbuka hivyo kila Januari, popote walipo duniani.

Wanaume huvaa kilt, lile vazi la mistari la kufunga kiunoni ambalo wageni hulicheka kuwa ni sketi. Lakini si vazi la mzaha. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, serikali ya London iliwapiga marufuku wanaume wa milimani kulivaa. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi sita. Akirudia, alipelekwa ng'ambo miaka saba. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1782. Basi mzee anayelivaa leo ana sababu ya kutembea kifua mbele.

Chakula chenyewe ni haggis: moyo, ini na mapafu ya kondoo, vikakatwakatwa, vikachanganywa na oti, vitunguu, mafuta na viungo, kisha vikapikwa ndani ya tumbo la kondoo huyo huyo. Siku hizi wengi hutumia mfuko wa kiwandani. Anayekula mutura hapa Nairobi hatashangaa. Haggis huingizwa kwa heshima, mpiga zumari la mfuko akitangulia, na watu wote wakisimama.

Lakini kiini cha karamu ni hotuba. Mmoja husimama akamzungumzia mzee, kisha mzee naye hupewa nafasi ya kujibu. Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Waskoti nao hawapendi sifa tupu, kwa hiyo huzichanganya na utani.

Niliwahi kualikwa Glasgow, baba wa rafiki yangu alipotimiza miaka 80. Rafiki yangu alianza kwa kumtania babake, jinsi alivyofunga redio mbovu kwa kamba ya kiatu miaka kumi ili asinunue mpya. Watu wakacheka. Kisha akasema alijua tangu utotoni kwamba majira fulani ya baridi babake aliuza baiskeli yake, akawa anakwenda kazini kwa miguu, ili watoto wapate viatu. Hakuwa amewahi kumtamkia jambo hilo. Chumba kilinyamaza. Mzee akainuka taratibu, akasema, "Baiskeli yenyewe ilikuwa mbovu." Hakuweza kuendelea, akaketi.

Mwishoni wote walishikana mikono kwa duara, wakaimba Auld Lang Syne, wimbo ambao Burns aliuandika mwaka 1788 akitumia maneno ya zamani. Ubeti wa mwisho ndio wa kupishanisha mikono kifuani.

Sasa turudi kwetu. Sisi pia tunajua kumsifu baba, tena kwa ufasaha. Tunaunda kamati, tunachanga, tunakodi mabasi, tunachapa picha yake kwa rangi, na kila mtoto anashika kipaza sauti. Lakini wakati huo mwenyewe yumo sandukuni.

Utaniambia baba yako hajui tarehe aliyozaliwa. Anajua tu kwamba ulikuwa mwaka wa nzige, au wa njaa. Hilo si kizuizi. Chagueni siku, Jumapili yoyote. Haggis si lazima, wala kilt. Mchinjieni jogoo, mtoto mmoja asimame aseme lile analolihifadhi kwa ajili ya matanga, kisha mzee aachiwe nafasi ya kujibu. Huenda akawasahihisha.

Tusikilizane juma lijalo, Mungu akipenda.