Kompyuta ya nyumbani imeingia virusi? Usianze na kompyuta, anza na simu

Leo somo ni refu kidogo, kwa hiyo kama una chai iweke karibu. Linatokana na yaliyonikuta mwenyewe, na kwa meseji ninazopata naona wengi wenu mmeshapita njia hiyo hiyo au mko mbioni kuipita.

Mimi nauza mashuka na mapazia. Simu ndiyo duka langu, ila kompyuta ya nyumbani ndiyo stoo: picha zote za bidhaa, bei za jumla, majina ya wateja wa mikoani na lile faili la wanaodaiwa ambalo sitaki hata mume wangu alione. Jioni moja mteja akaniandikia, "Dada, zile simu za ofa bado zipo?" Nikajua kakosea namba. Akanitumia picha ya alichokiona. Ni ukurasa wangu kabisa, jina langu, nembo yangu, ila kuna tangazo la simu kwa bei ya kutupa na namba ya kulipia nisiyoijua. Kufika saa 3 usiku, mteja wangu wa siku nyingi wa Morogoro alikuwa ameshatuma 80,000 kwenye namba ile.

Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu angefanya. Nikawasha kompyuta, nikabadilisha paswedi ya Facebook, nikafuta tangazo, nikalala. Asubuhi tangazo limerudi. Nikabadilisha tena paswedi, ndefu zaidi, yenye namba na alama. Mchana limerudi tena.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nabadilisha kitasa cha mlango huku mwizi yumo sebuleni ananitazama. Virusi vya siku hizi vingi havina habari ya kuharibu kompyuta yako. Vinakaa kimya. Kazi yao ni kusomba: paswedi ulizoziruhusu Chrome izikumbuke, unachoandika kwenye kibodi, na vile vidakuzi ambavyo ndivyo vinakufanya ufungue Facebook kila siku bila kuulizwa paswedi. Hapo kwenye vidakuzi ndipo watu hawapaelewi. Kidakuzi ni kama tiketi. Aliyeiba tiketi yako hahitaji paswedi, anaingia moja kwa moja kama wewe. Ndiyo maana kubadilisha paswedi kwenye kompyuta yenye ugonjwa ni kumpelekea mwizi funguo mpya mkononi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuikata kompyuta intaneti. Zima WiFi, zima hotspoti ya simu, chomoa waya kama upo. Usifungue benki, usifungue barua pepe, usifungue chochote humo.

Halafu shika simu yako, au kompyuta ya mtu unayemwamini, na uanze na barua pepe. Siyo Facebook, siyo Instagram. Barua pepe ndiyo mama wa akaunti zote, kwa sababu anayeishika anabonyeza tu "nimesahau paswedi" na vingine vyote vinamfuata. Badilisha paswedi yake, kisha angalia namba ya simu na barua pepe ya akiba zilizoandikwa pale kama ni zako kweli. Wezi hupenda kuchomeka ya kwao hapo ili hata ukiwafukuza warudi. Ukimaliza nenda Facebook na Instagram, badilisha paswedi, na usisahau kutafuta orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na kuvitoa vyote. Kuvitoa huko ndiko kunafuta zile tiketi zilizoibwa. Kama ukurasa wako una wasimamizi zaidi ya mmoja, pitia majina. Mimi nilikuta msimamizi nisiyemjua, kajipa cheo kabisa.

WhatsApp ina sehemu yake ya vifaa vilivyounganishwa. Kama uliwahi kuifungua kwenye ile kompyuta, iondoe, pamoja na kifaa chochote usichokitambua. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili kila mahali panaporuhusu.

Ukitoka hapo, waambie wateja. Najua aibu, hata mimi niliona aibu. Lakini kila saa unayokaa kimya kuna mtu anatuma hela. Weka tangazo fupi: ukurasa uliingiliwa, namba yangu ya malipo ni ile ile, msitume kwingine. Aliyekwisha kutuma apige mtandao wake wa simu haraka kabla hela haijatolewa, akatoe taarifa polisi, na namba ya tapeli kwa Tanzania tunaituma 15040. Yule mteja wa Morogoro hela yake haikurudi. Nilimlipa nusu kwa mashuka. Sheria sijui inasemaje, ila aliniamini mimi, hakumwamini yule tapeli.

Sasa turudi kwenye kompyuta.

Kabla hujagusa kitu, okoa mali yako. Nakili picha, orodha za wateja, hesabu, video. Usinakili programu wala faili lolote linaloishia na exe, na usilifungue lile faili unalolishuku "nione tena kama ndilo". Flashi au diski utakayotumia ihesabu nayo kuwa ni mgonjwa mpaka ipimwe.

Kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 zina kinga yake ndani, inaitwa Windows Security, na ni bure. Watu wanaidharau kwa sababu hawakuilipia. Irudishe kompyuta kwenye intaneti kwa dakika chache tu, uifanye kinga ijipatie taarifa mpya za virusi, kisha kwenye "Virus & threat protection" fungua "Scan options" uchague "Full scan". Hii inaweza kula saa kadhaa, kwa hiyo iwe kwenye chaji na ifanye siku ambayo huna wasiwasi na umeme. Ikimaliza, kwenye orodha ile ile kuna "Microsoft Defender Offline scan". Hiyo ndiyo ninayoipenda. Kompyuta inajizima, inawaka upya na kupima kabla Windows yenyewe haijaamka, na kirusi kinachojua kujificha Windows ikiwa macho kinakutwa bado kimelala. Inachukua kama robo saa. Ukitaka jicho la pili, Malwarebytes ina toleo la bure, ila lichukue kwenye tovuti yao wenyewe. Kuna tovuti zinazojifanya zinagawa antivirusi, kumbe ndizo zinazogawa virusi.

Kama ukibofya kinga unakuta imezimwa na haikubali kuwashwa, hiyo peke yake ni dalili mbaya. Nitaifikia.

Baada ya kupima, pita mwenyewe na macho. Fungua orodha ya programu, ipange kwa tarehe zilipowekwa, utazame kilichoingia siku zile mambo yalipoanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone vinavyojiwasha kila ukiwasha kompyuta. Ndani ya Chrome pitia viongezo vyote uondoe usivyovijua, na ukurasa unaofunguka mwanzo uwe uliouchagua wewe. Kama tatizo lako ni yale matangazo yanayochomoza pembeni yakipiga kelele "kompyuta yako ina virusi 5", mara nyingi hicho hata si kirusi. Kuna tovuti uliiruhusu ikutumie taarifa bila kujua. Nenda kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya taarifa, uifute. Kazi ya dakika 2, usimpe mtu hela kwa hilo.

Flashi inahitaji maneno yake, maana sisi na stesheneri hatuachani. Unapeleka flashi kuprinti risiti na lebo, unarudi nyumbani unakuta mafolda yote yamegeuka shotikati. Mafaili hayajafutwa, tulia. Kirusi kimeyaficha na kuweka shotikati za jina lile lile. Ukibofya, inakiamsha kirusi kwanza halafu inakufungulia folda lako, ndiyo maana huoni tofauti. Kosa la wengi ni kufomati flashi na kupoteza picha za msimu mzima. Safisha kompyuta kwanza, kwa sababu ukianza na flashi itaambukizwa tena dakika hiyo hiyo. Kisha chomeka flashi bila kubofya chochote ndani yake, ibofye kwa kulia kwenye orodha ya diski uipime. Halafu fungua "Command Prompt", na kama flashi yako inasomeka herufi E, andika hivi na ubonyeze Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatajitokeza. Wakati mwingine yanakuwa yamerundikwa ndani ya folda lisilo na jina. Yahamishe kwenye kompyuta, kisha flashi ndiyo uifomati. Mimi siku hizi vya kuprinti nawatumia stesheneri kwa barua pepe au WhatsApp, flashi yangu haitoki nyumbani.

Lini usihangaike kusafisha? Mimi nasema kama kinga imezimwa na haiwaki, kama kirusi kinaondolewa na kesho kimerudi, au kama kilichoingia ni cha kuiba paswedi kama changu, rudisha Windows upya tu. Unaweza kupima wiki nzima na bado usiwe na amani. Kwenye mipangilio kuna "Reset this PC", unachagua "Remove everything", ukiwa umeshaokoa mali zako. Ukienda kwa fundi kupigiwa Windows, msimamie. Mwulize anapiga Windows gani na anaiamshaje. Kompyuta iliyokuwa na Windows halali inajitambua yenyewe ikirudishwa toleo lile lile na kuunganishwa na intaneti, haihitaji kile kiprogramu cha kuiamsha. Vile vinavyokwambia "zima antivirusi kwanza ndipo kifanye kazi" umeshaambiwa ukweli na mwizi mwenyewe, na bado unamfungulia. Na kama bado uko Windows 10, Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo fundi akikupigia upya hiyo hiyo, mwulize kwa nini si 11 kama mashine inaimudu.

Wale ambao mafaili yenu yote yamebadilika mwisho wa jina na hayafunguki, na kuna barua inadai malipo, hiyo ni aina nyingine. Usilipe haraka. Hakuna anayekuhakikishia utapewa ufunguo. Kuna mradi unaitwa No More Ransom, ulianzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, unatoa funguo za bure kwa baadhi ya virusi hivyo. Si vyote. Kama chako hakipo, hifadhi mafaili yako yalivyo, kuna funguo huwa zinapatikana baadaye.

Mnauliza changu kiliingiaje? Siku 3 kabla ya lile tangazo, "mteja" aliniandikia anataka mashuka ya hoteli, pea 60. Pea 60! Akanitumia faili la oda, limefungwa kwa paswedi, na paswedi kaiandika kwenye meseji. Nikaona huyu mtu makini. Kumbe faili likifungwa hivyo, antivirusi haiwezi kuchungulia ndani. Nikalifungua, mle mna kitu chenye picha ya PDF na jina linaloishia pdf. Nikabofya, hakuna kilichofunguka, nikasahau. Jina lake kamili lilikuwa linaishia pdf.exe, ila Windows kwa kawaida inaficha kile kipande cha mwisho. Ujanja huu ni wa kale. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilizunguka dunia kikijifanya barua ya mapenzi inayoishia TXT, na mwisho halisi umefichwa. Sisi bado tunanaswa nao.

Kuuona mwisho halisi, fungua folda lolote, nenda "View", kisha "Show", weka tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 tiki iko palepale ndani ya "View". Mteja wa kweli anayetaka pea 60 atakutumia picha au ataandika oda kwenye meseji. Akisisitiza lazima ulifungue kwenye kompyuta, siyo simu, huyo mwache aende.

Kilichoniokoa kwenye yote haya ni diski ya nje niliyonunua kwa ajili ya picha za harusi ya dada yangu, ambayo kwa bahati ilikuwa na stoo yangu yote ya mwezi uliopita. Sasa kila Ijumaa jioni nikishafunga mizigo ya basi, naichomeka, nanakili, naichomoa, inarudi kabatini. Usiiache imechomekwa muda wote, kirusi kikija kitaikuta palepale.