Kupanga Alamisho: Mpe Mtumishi Ufunguo Mmoja Tu

Asubuhi, ufukweni Rubona, dagaa waliovuliwa usiku katika Ziwa Kivu huchambuliwa kabla ya kuingia kikapuni. Lakini nyumbani, katika kompyuta, aghalabu hakuna aliyechambua chochote. Alamisho za kivinjari, yaani anwani za tovuti zilizohifadhiwa ili zifunguliwe tena kwa urahisi, zimerundikana mamia kwa mamia, nyingine zimerudiwa mara tatu.

Ndugu msomaji, jambo hili si dogo kwa familia ya askari. Baba akiwa kazini mbali, mama au mtoto mkubwa ndiye atakayefungua Irembo, lango la huduma za Serikali ya Rwanda lililoanzishwa mwaka 2015, kuomba cheti cha kuzaliwa au kulipa ada. Akifungua anwani ya uongo iliyofanana na ile ya kweli, fedha na siri za nyumba zaweza kupotea.

Dawa moja ni kiendelezi, programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari. Viko vingi vilivyokwisha tengenezwa, ila baadhi hudai ruhusa ya kusoma kila ukurasa tuufunguao, hata wa benki. Huyo ni mtumishi wa kupanga vyombo anayetaka na ufunguo wa sanduku la fedha. Kijana aliyejifunza misingi ya kuandika programu aweza kuitengenezea familia yake kiendelezi chenye ufunguo mmoja tu.

Kwanza, na atoe nakala ya alamisho zote katika faili ya HTML, aiweke mahali salama. Programu ikiamriwa kufuta alamisho, kivinjari hakimuulizi mwenye nyumba. Tena tusitegemee ghala la mtu mwingine: Xmarks, huduma iliyowatunzia watu alamisho zao, ilifungwa mwaka 2018.

Kisha aandae folda yenye faili tatu. Ya kwanza huitwa manifest.json, humo huandikwa jina la kiendelezi, toleo lake na ruhusa kinayoomba. Aandike ruhusa moja, "bookmarks", asiongeze nyingine. Ya pili ni ukurasa mdogo wenye kitufe. Ya tatu ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript.

Kivinjari hupanga alamisho kama mti: lipo shina, yapo matawi ambayo ni folda, na majani ambayo ni anwani. Maagizo yapite tawi kwa tawi, yaonyeshe anwani zilizorudiwa, kisha yaweke pamoja zile zenye jina moja la tovuti. Hapo hutokea faida nyingine: anwani za irembo.gov.rw zitakaa kundi moja, na ile ya uongo, iliyobadilishwa herufi moja, itasimama peke yake kama mtu asiye na sare katika gwaride.

Hatimaye, katika Chrome, afungue ukurasa wa viendelezi, awashe hali ya watengenezaji, na kuipakia folda yake. Siku za mwanzo kiendelezi kionyeshe tu. Kazi ya kufuta ibaki mkononi mwa mwenye nyumba.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Alamisho nazo ni daftari la nyumba. Tulipange, na ufunguo wake tuushike wenyewe.