Ngiri ya kinena: tusiifiche

Sisi wa sendika, hapa Kolwezi, tunaona wanaume wa mugodi wanatembea mukono kwenye kinena, wanasema ni uchovu tu. Mara nyingi ni ngiri, ile wengine wanaita erni. Ukisimama ao ukikohoa, uvimbe unatoka, ukilala unarudi. Ni utumbo ao mafuta ya tumbo yanapita mahali nyama ya tumbo imelegea. Si ulozi.

Tunaificha juu ya kuogopa kufukuzwa. Mwenzetu moja aliificha, akakunywa mizizi, mpaka usiku tukamubeba: uvimbe mugumu, haurudi tena, anatapika. Utumbo ulibanwa, damu haipite. Walimupasua usiku ule ule, wakakata kipande. Alipona, lakini kidogo tu tungemuzika.

Mizizi haizibe tundu. Mukaba nao unashikilia tu. Dawa ni kupasuliwa mapema: munganga anarudisha utumbo, anashona, mara ingine anaweka wavu. Wengine wanarudi nyumbani siku ile ile.

Kisha, majuma 4 mpaka 6, hapana kubeba gunia. Majuma hayo ndiyo tunadai kwa kampani: kazi nyepesi, mushahara ule ule.