Kete ya kwanza katika bao la kiswahili

Machimbo ya Geita na Shinyanga yamekusanya watu wa kila mkoa, na kila mmoja kaja na bao lake. Wasukuma wana isolo yao. Wengine wamezoea bao la kujifunza, lile la kete mbili mbili kila shimo. Aliyetoka pwani atataka bao la kiswahili, na hapo ndipo wageni hukwama mapema: kete 64, lakini nyingi bado ziko mkononi, sasa mtu aanzie wapi?

Wapenzi wa sataranji wana vitabu vizima vya kufungua mchezo, kwa kuwa anayeanza ana hatua 20 za kuchagua. Kwenye bao anazo nne tu. Nne hizo zinatosha kukupa au kukunyima raha.

Hesabu mashimo ya mstari wako wa mbele kutoka kushoto kwako, la 1 hadi la 8. Shimo la 5 ni nyumba, lina kete 6. La 6 na la 7 yana mbili mbili. Kete 22 zimebaki mkononi. Mwenzako kapanga vivyo hivyo upande wake, kwa hiyo kete zake zinatazamana na mashimo yako matupu. Hakuna cha kula. Unanamua (unaingiza kete moja ya mkononi) na kutakata tu (unasambaza bila kula), na nyumba haiguswi. Basi ni shimo la 6 au la 7, kulia au kushoto.

La 7 kushoto ni hasara tupu. Kete ya mwisho inaangukia shimo la 4, mbele ya nyumba ya mwenzako. Anaila, nawe huna pa kulipizia.

La 6 kushoto linafanana nalo kwa macho, ila hili lina meno. Zile kete tatu zinapita nyumbani kwako, zinaacha moja shimo la 4 na moja la 3. Mwenzako lazima ale, maana kula ni lazima. Akila ile ya shimo la 3, wewe unanamua shimo la 4 na kubeba nyumba yake nzima, kete 6. Kwa hiyo mjuzi atakula ya shimo la 4. Sawa, umetoa moja. Sasa namua shimo la 3: mbele yake kuna kete mbili, nazo ni zako. Kutoa moja ukapata mbili, mwanzoni kabisa mwa mchezo, ni biashara nzuri. Ninaipenda hatua hii hasa dhidi ya mtu anayecheza harakaharaka, kwa sababu asiyehesabu hula ile kete isiyo yake.

Kulia ni kwa watulivu. La 7 kulia linapeleka kete moja kichwani, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele, na kuzungusha mbili nyuma, hakuna kinacholiwa. Lakini limeacha kete mbili shimo la 6, na mwenzako anaweza kukurudishia mtego uleule wa la 6 kushoto niliokwisha kueleza, hizo mbili zikawa hatarini.

Ndiyo maana mimi, nikiwa sina haja ya ubabe, nacheza la 6 kulia. Shimo hilo linabaki tupu. Mwenzako akijaribu ule mtego, kete yake moja inakaa mbele ya nyumba yangu na nyingine inatazamana na shimo lisilo na kitu. Ninakula ile ya mbele ya nyumba, naye hana cha kulipizia. Tahadhari moja tu: kete uliyokula iingize kichwa cha kushoto. Ukiiweka kichwa cha kulia itakuta nyingine pale, utaendelea kusambaza hadi uidondoshe moja kwenye shimo la 6, na mtego uliokwisha kuutegua unarudi kukunasa.