Kodi hufika Oraba ikiwa imekwisha kupita milango mitatu

KOBOKO. Mfanyabiashara anayetoa sukari, sabuni au mabati Arua na kuyapeleka Kaya, Sudan Kusini, hukutana na kodi mpya mahali pawili: kwenye dirisha la forodha pale Oraba, au kwa wakala wa pesa za simu. Katika sehemu zote mbili hakuna wa kujadiliana naye. Afisa wa dirishani hakupanga kiwango, kazi yake ni kukitoza. Kiwango kilipangwa wiki kadhaa nyuma katika ukumbi wa Bunge mjini Kampala, kwa hatua zilizoandikwa kwenye Kanuni za Bunge. Anayezijua hatua hizo anajua pia ni siku gani sauti yake bado inaweza kusaidia.

Somo la karibu ni la mwaka 2018. Kuanzia Julai 1, miamala ya pesa za simu ilitozwa kodi ya asilimia 1 ya thamani yake. Kwa malipo ya mzigo wa shilingi milioni 2, hiyo ni shilingi 20,000 juu ya ada ya kampuni. Wananchi walipiga kelele nchi nzima, lakini muswada ulikuwa umekwisha kupitishwa tangu Mei. Kuurekebisha kulihitaji muswada mwingine, uliopita hatua zote upya. Kodi ilishuka hadi asilimia 0.5, tena kwa kutoa pesa tu, lakini miezi ilikuwa imepita na fedha zimekwisha kukatwa.

Hatua zenyewe ni hizi. Kifungu cha 94 cha Katiba ya Uganda kinalipa Bunge mamlaka ya kujitungia kanuni, na kwa kanuni hizo kila muswada husomwa mara tatu. Kusomwa mara ya kwanza ni kuutambulisha tu. Hakuna mjadala; Spika huupeleka kwenye kamati, ambayo hupewa siku 45 kuuchambua. Miswada ya kodi huenda kwenye Kamati ya Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi.

Mlango huu wa kamati ndio pekee ambao mtu asiye mbunge anaweza kuingia na kusema. Kamati hupokea maoni ya maandishi na huwaita wadau kuwasikiliza. Muswada ukitoka hapo, unasomwa mara ya pili na wabunge hujadili shabaha yake kwa jumla. Kisha Bunge zima hukaa kama kamati na kuupitia kifungu kwa kifungu. Hapo ndipo asilimia 1 inaweza kugeuzwa kuwa nusu, au neno moja likaondoa bidhaa yako kwenye orodha. Kusomwa mara ya tatu ni kuufunga mlango kwa kura.

Baada ya hapo Rais ana siku 30 za kuusaini, kuurudisha au kuukataa. Bunge likitaka kumpita, muswada ambao Rais ameurudisha mara mbili lazima upitishwe mara ya tatu na uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote.

Kanuni nyingine inawahusu wafanyabiashara moja kwa moja. Kifungu cha 93 kinazuia Bunge kushughulikia muswada wa kuweka au kupandisha kodi usioletwa na Serikali. Kupunguza hakumo katika katazo hilo. Kwa hiyo mbunge wa Koboko au wa Arua anayesema mikono yake imefungwa kuhusu kodi anasema nusu ya ukweli: hawezi kuiongeza, lakini anaweza kupendekeza ipungue.

Je, kanuni hizi zina meno? Mahakama zimejibu. Agosti 2000 Bunge lilibadilisha Katiba ndani ya siku moja, likiugusa hata utaratibu wake lenyewe wa akidi na upigaji kura. Paul Ssemogerere na wenzake walikwenda mahakamani, na Januari 2004 Mahakama ya Juu ikayafuta mabadiliko hayo kwa sababu utaratibu wa Katiba haukufuatwa. Agosti 2014 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria dhidi ya ushoga iliyopitishwa Desemba 2013, bila kuamua kama yaliyomo ni mema au mabaya. Sababu ilikuwa akidi: mbunge alipohoji idadi ya waliokuwamo, kiti hakikuwahesabu. Katiba inataka theluthi moja ya wabunge wawepo wakati wa kura.

Kwa soko la Koboko, lililo karibu na mahali Uganda, Sudan Kusini na Kongo zinapokutana, Bunge la Kampala si la mwisho. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, inayotumika mipakani, ilitungwa na Bunge la Afrika Mashariki lenye makao Arusha. Kila nchi huchagua wabunge 9 kwenda huko. Ila muswada wao hauwi sheria mpaka wakuu wa nchi wanachama wauridhie. Ukirudishwa na kupelekwa tena, mkuu mmoja tu akinyima ridhaa yake, muswada unakufa. Ndiyo maana lililoshangiliwa Arusha huweza kuchelewa sana kuonekana Vurra.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kodi una kalenda yake. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2015, bajeti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili kuanza, nalo Bunge humaliza kazi yake ifikapo Mei 31. Kodi huanza Julai 1. Ushirika wa wauzaji ulio na hoja una Aprili na sehemu ya Mei kuandika ukurasa mmoja: bidhaa gani, mzigo wa kawaida una thamani gani, kodi itakata kiasi gani, na kifungu kipi kibadilishwe. Nakala moja iende kwa kamati, nyingine kwa mbunge. Ikifika Juni, kilichobaki ni kusubiri risiti.