Kuuza nyumba ya familia Gitega na Muyinga: mnunuzi huangalia nini kabla ya rangi?

Katika mitaa mingi ya mashariki mwa Kongo, na hata katika miji yetu ya Burundi, hukosi kukuta maandishi ya rangi kwenye ukuta wa nyumba: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni hudhani kwamba mwenye nyumba amechoshwa na watu wanaobisha hodi kuulizia bei. Mwenyeji anajua zaidi. Ndani ya ua ule kuna ndugu wasiosikilizana, na mmoja wao ameandika ukutani ili mwenzake asije akauza kwa siri.

Tunaanza na maandishi hayo kwa sababu swali ambalo wasikilizaji wetu huuliza, yaani nyumba ya wazazi ifanywe nini ili impendeze mnunuzi, kwa kawaida hujibiwa kwa habari za rangi, vigae na geti jipya. Majibu hayo si ya uongo, lakini yanaanzia mwisho. Mnunuzi wa Gitega au Muyinga anayetoa fedha aliyoichanga kwa miaka mingi haogopi ukuta uliopauka. Anaogopa kuamka siku moja na kumkuta mlangoni dada wa muuzaji akiwa na barua ya mahakama.

Ni nani anayenunua

Tangu Gitega ilipotangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa, uamuzi uliopitishwa na Bunge mnamo Januari 2019 huku Bujumbura ikibaki mji mkuu wa kiuchumi, nyumba za mji huu zimepata macho mapya. Wako watumishi wa serikali wanaotafuta pa kulala karibu na kazi, na wako wenye fedha wanaotafuta kiwanja chenye nyumba ya kupangisha. Mnunuzi wa aina ya pili mara nyingi hainunui nyumba yako hata kidogo. Ananunua ardhi iliyo chini yake, na akishakabidhiwa ufunguo atabomoa. Kumwekea mtu huyo vigae vipya sebuleni ni sawa na kumpamba ng'ombe anayepelekwa machinjioni.

Muyinga ina soko jingine. Mji huo uko kwenye njia ya kwenda mpaka wa Kobero, wanakovuka wafanyabiashara na malori yanayotoka Tanzania. Anayenunua huko huuliza kama gari litaingia uani, kama kuna chumba kinachoweza kuwa ghala, na kama vyumba vya nyuma, vile tunavyoviita anekisi, vinaweza kupangishwa bila wapangaji kupita sebuleni kwake. Yupo pia ndugu aliye ughaibuni, Ulaya au Uarabuni, ambaye ataiona nyumba kwa picha za simu kabla ya kumtuma mjomba wake aikague.

Muuzaji ajue kwanza ni yupi kati ya hao anayeelekea kuja, kisha ndipo amwite fundi.

Karatasi ndiyo sebule ya kwanza

Familia nyingi za Waswahili wa Gitega na Muyinga zinaishi katika mitaa iliyokua kando ya vituo vya utawala wa Wajerumani na baadaye Wabelgiji. Gitega yenyewe, wakati huo ikiitwa Kitega, ilianzishwa na Wajerumani kuwa makao ya utawala mnamo 1912. Babu alipewa mahali, akajenga, akazaa, akafa. Kilichobaki mkononi mwa wajukuu huenda ni risiti iliyofifia, au neno la mzee wa jirani na si zaidi.

Sheria ya ardhi ya Agosti 9, 2011 ilifungua njia mbili za kuthibitisha umiliki. Ya kwanza ni hati miliki inayotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi wa serikali, ile ambayo wengi huiita kwa Kifaransa *titre foncier*. Ya pili ni cheti cha ardhi kinachotolewa na ofisi ya ardhi ya tarafa. Cheti hiki hakitolewi mezani tu. Kamati hufika kwenye kiwanja, mipaka hutazamwa mbele ya majirani, na mwenye pingamizi hupewa nafasi ya kusema. Kwa muuzaji wa nyumba ya familia, utaratibu huo una faida kubwa kuliko karatasi yenyewe: ugomvi wa mpaka unaibuka sasa, wakati bado unaweza kumalizwa kwa kikombe cha chai, badala ya kuibuka mbele ya mnunuzi.

Hapa wafasiri wa chumba cha habari tunalo neno linalotusumbua. Sheria ya ardhi kwa Kifaransa husema *mise en valeur*, na kwa haraka mtu angeandika "kuipa ardhi thamani". Lakini maana yake si kuipendezesha. Ni kuonyesha kwa macho kwamba ardhi inatumiwa: imejengwa, imelimwa, inaishiwa. Kwa nyumba ya urithi iliyofungwa miaka mitano, magugu yakiwa yamefika dirishani, maana hizo mbili hukutana. Kufyeka ua na kumweka mtu wa kuishi humo kunapendeza macho, na pia kunawaambia majirani kwamba mahali hapa pana mwenyewe.

Jambo jingine la kutazama ni mabadiliko ya mipaka ya utawala. Kuanzia 2025 mikoa 18 ya Burundi imekuwa 5, na tarafa 119 zimekuwa 42. Muyinga, iliyokuwa makao ya mkoa wake yenyewe, sasa imo katika mkoa wa Buhumuza. Nyaraka zilizoandikwa kwa majina ya zamani zitaendelea kuzunguka mikononi mwa watu kwa muda mrefu, na mnunuzi mwangalifu atauliza ni ofisi gani sasa inayoshikilia daftari ambamo cheti kiliandikwa. Muuzaji aende akaulize yeye kwanza, ili jibu awe nalo.

Kisha kuna warithi. Kwa miaka mingi nchi yetu imeishi bila sheria iliyoandikwa ya mirathi. Mila na hukumu za mahakama ndizo zilizojaza pengo hilo, na haki ya binti katika ardhi ya baba imebaki kuwa jambo la mabishano. Familia za Kiislamu mara nyingi hugawana kwa hesabu ya sheikh, ambapo binti ana fungu lake linalojulikana. Matokeo yake ni kwamba kaka anaweza kuuza kwa kutegemea mila, dada akadai kwa kutegemea mgawo wa sheikh, na wote wawili wakaamini kwamba wana haki. Kwa maoni yetu, muuzaji asingoje mahakama imwambie nani yuko sahihi. Aandike kikao cha familia, kila mrithi aweke saini au kidole, wanawake kwa wanaume, na mjane awe wa kwanza. Aliyeko nje ya nchi atume idhini iliyothibitishwa na ubalozi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaosema "uzeni tu, mimi sina neno" ni faraja kwa mama, lakini mbele ya notari haufiki popote.

Faili lenye karatasi hizo, likiwekwa mezani mnunuzi anapoketi, humvutia kuliko kochi jipya.

Maji, kutoka juu na kutoka chini

Baada ya karatasi, adui wa nyumba katika miji yetu ya vilima ni mvua. Inaanza karibu Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei, ikipumzika kidogo mwanzoni mwa mwaka, na mnunuzi anayejua kazi yake huinua macho kwenye dari kabla ya kusalimia. Doa la kahawia lenye umbo la wingu linamwambia kwamba bati limetoboka au msumari umelegea. Kubadilisha mabati mawili na kukaza misumari ni kazi ya siku moja. Kupaka rangi juu ya doa ni kazi bure, kwa sababu doa hurudi na mvua ya pili.

Maji yanayotoka kwenye paa yanakwenda wapi? Katika viwanja vya Gitega vilivyo kwenye mteremko, swali hili limewagombanisha majirani wengi. Paa lisilo na mifereji hudondosha maji kwenye mguu wa ukuta, udongo unachimbika, msingi unabaki wazi, na maji yaliyobaki yanaingia kwa jirani wa chini. Mfereji wa bati, pipa la kukinga maji na mtaro mdogo uliojengwa kwa mawe hadi kwenye mtaro wa barabara hugharimu kiasi kidogo kuliko uzio mpya, na huonyesha mara mbili: nyumba imetunzwa, na jirani hana kinyongo. Maji ya pipa pia ni neema siku ambazo bomba la Regideso limekauka.

Sasa kuta. Nyumba nyingi za wazee zimejengwa kwa matofali mabichi ya udongo, rukarakara kama yanavyoitwa. Muuzaji mwenye haraka huzipiga plasta ya saruji ili zifanane na nyumba ya kisasa. Udongo na saruji havitembei pamoja. Udongo huvuta unyevu, huvimba na kusinyaa. Saruji ni ngumu, hainyumbuliki, nayo hufungia unyevu ndani. Baada ya misimu michache plasta inapasuka na kuachia kama ganda la yai, na mnunuzi akigonga ukuta kwa kidole husikia mlio mtupu. Plasta ya udongo uliochanganywa vizuri na mchanga, kisha chokaa juu yake, hushikamana na ukuta huo na kuuacha upumue. Tena, kwa kuwa saruji imekuwa ikiadimika nchini katika miaka ya karibuni, kiasi kidogo kinachopatikana ni heri kiende kwenye mguu wa ukuta, kwenye mtaro na kwenye sakafu ya choo.

Na ufa? Ufa mwembamba wa plasta uzibwe. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, unaoingia mkono, ni habari ya msingi, na hapo mwite fundi akueleze, kisha mweleze mnunuzi. Sheria ya mikataba tuliyoirithi kutoka zama za Wabelgiji humwajibisha muuzaji kwa kasoro alizozificha. Na wale wanaosali wanaikumbuka habari ya Mtume na lundo la nafaka sokoni, kavu juu na mbichi ndani.

Jiko, choo na mita

Haya tuyapite kwa haraka. Jiko la nje lililojaa masizi lisuguliwe na kupakwa chokaa. Masizi ya miaka thelathini hayaondolewi na maneno matamu. Choo kiwe na mlango unaofungika, sakafu isiyo na ufa na bomba la kutoa hewa, kwa kuwa ndicho mahali ambapo mke wa mnunuzi ataomba kwenda, na si kwa haja. Madirisha yafunguliwe tangu asubuhi. Mita ya umeme, ile ya cash power, na ankara za maji aghalabu bado zina jina la marehemu. Deni la maji lilipwe na risiti ziwekwe katika lile faili.

Ikiwa kuna wapangaji katika anekisi, waambiwe mapema na kwa heshima. Mpangaji aliyeisikia habari ya mauzo kutoka kwa mpita njia atamwambia kila mnunuzi kwamba nyumba inavuja, hata kama haivuji. Mpangaji aliyeshirikishwa ataonyesha mkataba wake na kodi anayolipa, na hilo ndilo jambo ambalo mnunuzi wa kupangisha amelifuata.

Dalali, picha na siku ya kuonyesha

Dalali, au komisioneri kama wengi tunavyomwita, ana kazi yake, lakini nyumba moja iliyotangazwa na makomisioneri sita kwa bei sita huanza kunuka kabla ya kuoza. Mnunuzi hudhani familia ina shida, na hushusha bei akingoja. Wawili wanatosha, wote wakiwa na bei moja iliyoandikwa, na asilimia yao ikiwa imekubaliwa kabla ya mguu wa kwanza kuingia uani.

Picha zipigwe asubuhi, nguo zikiwa zimeanuliwa. Watu wengi hungoja kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa sababu ua ni mkavu na walio nje hurejea nyumbani kwa likizo na harusi. Ni kweli, ingawa nyumba ya Gitega iliyoonyeshwa katikati ya mvua ya Aprili, bila ndoo hata moja sakafuni, imejieleza yenyewe.

Limebaki suala ambalo komisioneri hataligusa. Nyumba nyingi za namna hii bado zina mama mzee anayekaa kibarazani. Wanunuzi wengi huwa wepesi wa mdomo mbele ya kijana muuzaji na hukosa neno mbele ya bibi ambaye, akiulizwa hali, anafuta machozi kwa ncha ya khanga na kusema hajui atapelekwa wapi. Wengine huaga hapo hapo. Familia itafute kwanza chumba atakachohamia, wampeleke akione, na hapo ndipo wampigie simu komisioneri. Katika mkataba iandikwe tarehe ya kukabidhi nyumba, kwa siku na mwezi, pamoja na vitu vitakavyobaki na vitakavyoondoka: mita, pipa la maji, mlango wa mbao wa babu, na miti ya parachichi ambayo matunda yake bado hayajaiva.