Panya Aliyepona VVU na Swali la Mama wa Majengo

Mama mmoja wa Majengo, Sumbawanga, alifika kliniki akiwa ameacha dawa za kufubaza VVU kwa majuma sita. Alikuwa amesikia kwamba huko Marekani panya wameponywa. "Daktari, kama panya amepona, mimi nameza vidonge vya nini?"

Habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Temple na Nebraska walitangaza kwamba kwa kutumia dawa zinazodumu mwilini muda mrefu, pamoja na mkasi wa kukata vinasaba vya virusi, walikuwa wameviondoa VVU katika miili ya panya. Baadhi ya panya, si wote.

Tena panya hao si hawa wanaotumalizia mahindi ghalani. Homa ya chikungunya, ambayo jina lake ni la Kimakonde, ilipozuka Newala mwaka 1952, virusi vyake vilipatikana kwa kudunga damu ya wagonjwa katika panya wachanga. VVU havikubali njia hiyo, kwa kuwa haviwezi kuingia katika seli za panya wa kawaida. Ndipo wataalamu wakazalisha panya asiye na kinga yake mwenyewe, wakampandikiza seli mama za damu ya binadamu, ambazo mara nyingi hutoka katika damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Baada ya majuma kadhaa, seli za CD4 za binadamu huzunguka mwilini mwake, na hizo ndizo VVU huzishambulia.

Panya huyo akipewa dawa, virusi hupungua hadi visionekane kwenye kipimo. Dawa zikikatizwa, hurudi, kwa maana vingine vilikuwa vimejificha katika seli zilizolala. Hapo ndipo nilipokaa na mama kwa muda mrefu zaidi.

Mwili wa panya ni mdogo na maisha yake ni mafupi. Maficho ya virusi ndani yetu ni mengi na ya miaka. Tiba iliyotokana na mkasi ule ilipojaribiwa kwa binadamu, matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba haikuwadhuru, lakini watu watatu walioacha dawa chini ya uangalizi virusi viliwarudia wote.

Tulimpima wingi wa virusi, akaanzishiwa dawa siku ileile. Kabla ya kuondoka aliuliza kama wale panya waliopona wangali hai. Nilimjibu kwamba huuawa, ili wengu na uboho wao vichunguzwe. Akanyamaza kidogo, kisha akaomba maji ya kumezea kidonge.